Mtama Uliovishwa Kofia

Watu wa Gachoka walimwita Mmeru wa Kofia, na mwenyewe hakujua. Si kwamba alivaa kofia. Mtama wake ndio uliovaa. Kila suke shambani mwake lilifunikwa kwa mfuko wa karatasi ya kaki, likafungwa uzi shingoni, na kwenye bua, chini kidogo ya mfuko, kikaning'inia kibati chenye namba. Ukipita ile barabara ya vumbi inayoteremka kutoka sokoni uliona shamba zima limesimama hivyo, kimya, halionyeshi uso. Watu walipita, wakaangalia, wakacheka kidogo, wakaenda zao.

Jina lake lilikuwa Kailemia, mzaliwa wa Meru ya juu, kule kwenye chai na baridi. Alikuwa daktari, lakini si wa watu. Alisomea namna mimea inavyobadilika, kizazi baada ya kizazi, pale mazingira yanapobadilika, na chuo kilimlipa kwa kazi hiyo. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mrefu, mkavu, mtu wa kutembea akitazama chini. Alipanga chumba nyuma ya bucha la Saad, akakodi shamba la Mama Igoki, na kwa miaka mitatu aliishi pale kama mtu anayesubiri gari.

Alichokitafuta kilikuwa rahisi kukisema, ila hakuwahi kumwambia yeyote. Zamani, kabla yeye hajaota ndevu, watafiti walipita huku Mbeere wakiomba mbegu za mtama nyumba kwa nyumba, wakaenda kuziweka kwenye ghala la baridi. Zikalala huko. Huku nje mvua ikazidi kupungua na kuchelewa, na mtama wa mashamba yale yale ukaendelea kupandwa, ukavunwa, ukapandwa tena, kila msimu ukiwaacha nyuma walioshindwa. Kailemia aliziomba zile mbegu zilizolala. Akazunguka mashamba yale yale akaomba za sasa. Akazipanda bega kwa bega, mababu na wajukuu katika udongo mmoja, chini ya mvua moja. Alitaka kuona kama wajukuu wamebadilika.

Walikuwa wamebadilika. Desemba ilipoingia, wajukuu walikuwa wameshachanua wakati mababu bado wanashughulika na majani. Hilo aliliona kwa macho yake, akaliandika, na siku hiyo alitembea shambani mpaka jua likazama, akitaka kumwambia mtu na hana wa kumwambia.

Lakini kuwahi kuchanua hakukuwa jibu zima. Mmea unaweza kufanya haraka ukatoa suke dogo lisilo na kitu. Jibu lilikuwa ndani ya mifuko, iliyozuia chavua ya suke jirani isiingie. Kila mmea peke yake umeacha punje ngapi? Zina uzito gani? Na zikipandwa, zitafanya haraka kama mama yao? Ndiyo maana ilibidi kila suke livunwe peke yake pamoja na kibati chake, lisichanganyike na jingine hata kwa punje moja. Na hapakuwa na nafasi ya pili. Mara ya kwanza alipopanda, mvua ilikataa kabisa, mtama ukafa ukiwa na kimo cha magoti. Alipoomba tena mbegu za zamani alipewa zilizobaki, akaambiwa hizo ndizo za mwisho. Nyingi hazikuota. Zilizoota ndizo hizo zilizosimama shambani kwa Mama Igoki zikiwa na kofia vichwani. Zikipotea, swali lenyewe linakufa, maana hakuna wa kulijibu.

Kwa kufukuza ndege alimwajiri Gedion, mwanamume wa makamo mwenye sauti kubwa na kombeo lisilokosa. Masharti ya Kailemia yalikuwa mafupi: fukuza ndege, usiingie kati ya mistari, usiguse kitu. Siku moja, wakiwa wameketi kivulini na kila mmoja na chupa yake ya maji, Gedion aliuliza.

"Daktari, hizi kofia ni za kuzuia ndege?"

"Ni za kazi."

"Kazi gani?"

"Kazi yangu."

Gedion akacheka, akatupa jiwe hewani bila kulenga. Hakuuliza tena. Jioni alimsimulia Saad kwamba Mmeru yule ukimwuliza saa anakuonyesha mkono mtupu.

Si kwamba Kailemia aliwachukia watu. Hakujua aanzie wapi. Kimeru chake na Kimbeere chao vinakaribiana kiasi kwamba mkiongea polepole mnaelewana, lakini yeye alishikilia Kiswahili cha ofisini, hata anapoulizwa habari ya asubuhi. Mwaka wa kwanza Mama Igoki alimletea bakuli la kunde zilizopikwa na mahindi. Kailemia alikula, akaliosha bakuli. Alijua fika kwamba bakuli la jirani halirudi tupu, hata kwao Meru ni hivyo, lakini chumbani mwake hakukuwa na kitu cha kutia isipokuwa pakiti ya majani ya chai iliyokwisha kufunguliwa. Aliona aibu. Akampa Gedion alirudishe likiwa tupu, na tangu siku hiyo akawa anapitia njia ya nyuma ili asikutane na yule mama.

Mke wake, Kaari, alikuwa na duka la mapazia Makutano, kule Meru. Zamani Kailemia alikwenda nyumbani kila mwisho wa mwezi. Baadaye ikawa mwisho wa mwezi mmoja na kuruka mwingine. Mara ya mwisho alipokwenda alipewa taulo la wageni, akalishika mlangoni akiwa hajui alitundike wapi, na Kaari akasema, "Popote tu." Hawakugombana. Afadhali wangegombana.

Februari ilipokaribia, masuke yakaanza kukauka ndani ya mifuko. Kailemia alikuwa amepanga kila kitu: bahasha zimeandikwa, mkasi umenolewa, ataanza Jumatatu, atavuna kwa mkono wake mwenyewe, suke moja moja, hata kama itamchukua wiki mbili. Jumamosi akaanza kusikia baridi mchana kweupe. Akavaa sweta. Jumapili akavaa sweta mbili. Jumatatu Saad aligonga mlango kuomba nafasi ya kutundika nyama kwenye dari ya veranda, hakujibiwa, akasukuma, akamkuta amelala sakafuni anaongea na ukuta kwa Kimeru.

Saad alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye mzaha hata msibani. Alimwinua kama anavyoinua mbuzi, akamlaza nyuma ya pikapu juu ya magunia, akaendesha mpaka Embu. Njia nzima alipiga kelele dirishani ili mgonjwa asilale.

"Daktari gani wewe? Mbu mmoja tu amekushinda? Sema kitu, bwana! Tukana, kama huna la kusema!"

Hospitalini alimkabidhi kwa wauguzi, akamwachia chupa ya chai na kanzu yake kuukuu ya kujifunikia, akarudi kwa nyama yake.

Ilikuwa malaria, na ilikuwa imemwingia sana, kama inavyowaingia watu waliozaliwa kwenye baridi. Siku za mwanzo hakujua lolote. Akili iliporudi, ilirudi na mtama. Alimpigia Gedion: mteja hapatikani. Akapiga tena kesho yake: mteja hapatikani. Akampigia Saad, na Saad, katikati ya makelele ya wateja na shoka, akamjibu, "Tulia upone. Shamba liko mikononi mwa watu." Kailemia alitaka kuuliza mikononi mwa watu gani, simu ikakatika. Akajiambia kwamba Gedion yuko pale na kombeo lake, basi ndege hawali, na mtama ukikauka zaidi kidogo hakuna ubaya. Mifuko itaulinda.

Kitanda cha jirani alilala mzee mmoja aliyeitwa Mithika, aliyevunjika nyonga. Saa za kuona wagonjwa zikifika, watu wa Mithika walimiminika: wake wa wanawe, wajukuu, watu wa kanisa, mtu aliyewahi kumnunulia ng'ombe. Walijaa mpaka wakakosa pa kukaa, wakaomba radhi, wakakalia kitanda cha Kailemia, miguuni pake. Wakamwekea ndizi, kwa adabu tu. Muuguzi mmoja alimwuliza, bila nia mbaya, "Mzee, wewe huna watu?"

"Wako mbali," akasema.

Kaari alipiga simu, akauliza kama aje. Kailemia akamwambia hakuna haja, amepata nafuu. Kaari hakuja. Siku zote hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Na watu wa Gachoka nao hawakuja, hata mmoja, na ingawa Kailemia hakuwa na haki ya kuwatarajia, alishangaa kujikuta anatazama mlango. Miaka mitatu, alifikiri. Hata paka angezoewa. Halafu akageukia ukutani, mtu wa Mithika akasogea kidogo kumpisha miguu.

Alipopewa ruhusa alirudi Gachoka kwa bodaboda, ameshikilia kiti kwa mikono miwili kama mtoto. Alimwambia kijana wa pikipiki asimpeleke nyumbani, ampeleke shambani kwanza.

Shamba lilikuwa limevunwa.

Hapakuwa na suke, hapakuwa na mfuko, hapakuwa na kibati. Mabua yalikuwa yamekatwa sawa, urefu mmoja, yakafungwa mafungu, mafungu yakasimamishwa pembezoni kwa ajili ya ng'ombe. Ardhi ilifagiliwa. Alisimama pale, pikipiki ikaondoka, na kitu cha kwanza alichofikiri ni kwamba amekosea shamba.

Kisha akasikia sauti, akafuata, akaenda mpaka uani kwenye nyumba yake nyuma ya bucha. Walikuwa pale, kikundi chote cha kusaidiana mashambani alichokiongoza Mama Igoki, wanawake kumi na kitu na wanaume wachache, na Gedion, na Saad na aproni yake yenye damu. Wamevaa nguo safi. Saad alikuwa ameambiwa na mtu wa hospitali kwamba Daktari anatoka leo, na wao wakakusanyika kumpokea. Walipomwona, wote walisimama.

Mama Igoki alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sitini, mwenye mikono mikubwa. Alimshika Kailemia bega, akamtazama machoni, akasema amekonda lakini yu hai. Kisha akamweleza. Gedion alikuja kwake siku ile ile Kailemia alipopelekwa Embu, akamwambia mtama umekauka, mwenyewe yuko hoi, na ndege wamejua. Na kikundi chao kina sheria: mtu akiugua wakati wa mavuno, mavuno yake huingizwa nyumbani kabla ya ya mtu mwingine yeyote. Haulizwi. Haambiwi. Mgonjwa hasumbuliwi na habari za shamba. Wakaacha mashamba yao wakaingia kwa Mmeru. Ndiyo sababu hakuna aliyefika hospitali, akasema, na hilo wanaomba asamehe, walikuwa wanapura.

Akamwonyesha. Magunia yalipangwa ukutani, yameshonwa midomo, nafaka imepepetwa ikawa safi, ikachanganywa na jivu isiliwe na wadudu. Hakuna punje iliyopotea, akasema. Hata turubai walilikung'uta. Mifuko ya karatasi ilikuwa imekunjwa mmoja mmoja, ikalazwa na jiwe juu. Walidhani ni ya kukinga ndege, kama wengine wanavyofunga vitambaa, wakaona ni mizuri, itatumika tena. Na vibati, alisema, kimoja hakikutupwa. Akachukua mkebe wa mafuta ya kupikia, akautikisa, akampa. Kailemia akatazama ndani. Vilikuwa vimeoshwa. Vilimetameta. Namba zote zilikuwamo, zinasomeka vizuri, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kitu chochote.

Juu ya kigoda kulikuwa na kibuyu cha uji, wa mtama ule, kimefunikwa kwa sahani. Hiyo nayo ilikuwa sheria yao. Mavuno ya mgonjwa hayaliwi na mtu mpaka mwenyewe aonje. Akishaonja, ndipo kila aliyefanya kazi anapewa fungu lake. Walikuwa wamepura mpaka mikono ikatoka malengelenge na hawakulamba hata kidole. Walimsubiri.

"Kaa, Daktari," Mama Igoki akasema. "Kunywa, nasi tunywe."

Kailemia hakukaa. Mkebe ulikuwa bado mkononi. Alipofungua mdomo, Kiswahili cha ofisini kilikuwa kimemtoka chote, akasema kwa Kimeru, polepole, na wote wakaelewa.

"Mmeniua."

Basi akaendelea, na mara alipoanza hakuweza kukoma. Akawaambia juu ya mbegu zilizolala kwenye baridi, na wajukuu, na kwamba kila suke lilikuwa na jina lake, na jina lilikuwa kwenye kibati, na kibati kikiondolewa hakuna mtu duniani anayeweza kujua punje hii ni ya nani. Akawaambia mbegu za zamani zimekwisha, hakuna tena. Akawaambia ni miaka yake mitatu. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana ilibidi wanyamaze ili wamsikie. Mwishoni akasema kwamba kama wangeuacha mtama uliwe na ndege, ingekuwa heri.

Gedion ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa amekunja kofia yake mikononi.

"Nilikuuliza. Ukaniambia ni za kazi."

"Na sisi tukadhani kazi imeisha," Mama Igoki akasema.

Hakusema kwa hasira. Aliinama, akaokota ungo wake. Mwanamke wa pili akaokota wake. Wakachukua fimbo zao za kupuria, na fagio, na turubai, na sufuria walizokuja nazo. Waliondoka mmoja mmoja, bila kuaga na bila kugeuka, na wa mwisho alirudi kuondoa jembe lililoegemezwa mlangoni ili mgonjwa asije akajikwaa. Saad alibaki kidogo, akitafuta mzaha. Aliukosa. Akaingia buchani, akafunga dirisha la nyuma.

Magunia yalibaki. Kibuyu kilibaki.

Jioni ile Kailemia alifungua gunia moja, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Nafaka ilikuwa baridi, nzuri, nyekundu na nyeupe na ya kahawia, na mababu walikuwamo na wajukuu walikuwamo. Kulikuwa na mashine za kupima zinazoweza kuitenga punje ya zamani na ya sasa, alizijua. Lakini hata zikitengwa, hakuna mashine ingeweza kumwambia ilitoka kwenye suke gani, lilichanua lini, lilibeba punje ngapi. Alikuwa na tarehe za maua na alikuwa na magunia, na kati ya hayo mawili hapakuwa na daraja. Alilifikiria hili kwa utulivu, kama ni tatizo la mwanafunzi wake, akafika mwisho, akaona kwamba mwisho ni ule ule.

Alimpigia Kaari. Kulikuwa na cherehani inalia nyuma yake. Alianza kumwambia kwamba mtama umevunwa, na Kaari akasema hilo ni jambo zuri, sasa atapumzika. Akamwuliza kama amekula.

"Kuna uji hapa."

"Basi kunywa, ulale."

Alilala bila kunywa.

Asubuhi alikwenda kwa Mama Igoki, kwa njia ya mbele. Ilimchukua muda, magoti bado yalikuwa ya hospitali, na alisimama mara kadhaa njiani akijifanya anatazama mashamba. Mashamba ya wale wanawake yalikuwa bado hayajavunwa. Masuke yao, yasiyo na kofia, yalikuwa yameliwa na ndege upande mmoja, wakati wao walipokuwa kwake. Hakuna aliyekuwa amemwambia hilo. Alipita shamba moja, la pili, la tatu, akaacha kutazama.

Mama Igoki alikuwa uani anachambua mbaazi. Hakumwambia karibu. Baada ya muda alisukuma kigoda kwa mguu.

"Umekunywa?"

"Sijanywa."

"Basi sisi bado ni wezi."

"Sikusema wezi, mama."

"Mtu akikataa kuonja, kwenu Meru anakuwa amesema nini?"

Kailemia akaketi. Kwao Meru ingekuwa hivyo hivyo, na alijua kwamba mama anajua.

"Ndege walikuwa wengi?" akauliza. Alikuwa ameongea Kimeru tena, na safari hii hakukurupuka.

"Walikuwa wanatoboa kofia zako na kuingiza vichwa. Gedion alirusha mawe mpaka mkono ukavimba. Tungechelewa siku mbili, ungekuta mifuko mitupu." Akapuliza maganda. "Usifikiri nasema hivi ili nikufariji. Ungetuambia, tungekata kila moja na kibati chake. Mikono tulikuwa nayo."

"Najua."

"Hujui. Unajua leo."

Kuku alipita kati yao, akadonoa mbaazi, akafukuzwa. Mama Igoki akauliza kama alikuwa amekipata alichokuwa akikitafuta, na Kailemia akasema amepata nusu: kwamba mtama wa sasa unawahi. Akauliza ile nusu nyingine.

"Kama kuwahi kumeufaa."

Mama Igoki alifikiri sana, mikono imetulia katika mbaazi.

"Mimi sijui," akasema. "Napanda tu."

"Hata mimi sijui," Kailemia akasema. "Sasa hata mimi sijui." Na hapo ndipo machozi yalipomjaa machoni, si jana mbele ya watu, bali pale kigodani, na Mama Igoki akainamisha kichwa akaendelea kuchambua mpaka alipomaliza.

Kisha Mama Igoki akatuma wenzake waitwe, Kailemia aonje mbele yao. Kufikia adhuhuri walikuwa wamerudi uani kwa Kailemia, safari hii na nguo za kazi, na hawakusimama alipotokea. Kibuyu kilikuwa kimelala usiku kucha, uji umechacha. Kailemia alikishika kwa mikono miwili mbele yao. Alifikiria punje zilizolala miaka yote ile kwenye baridi zikingoja mtu aziulize swali, kisha akanywa. Ulikuwa mchachu, wenye jivu kidogo, na ladha nzuri. Alikunywa mpaka akaona sakafu ya kibuyu, kwa sababu hakutaka kubakiza.

Kugawa kulimpasa mwenye mavuno. Alikata uzi wa gunia la kwanza, akachukua kopo, akaanza. Kila aliyekuja na beseni au kikapu alisimama mbele yake, na ilipofika hapo ilionekana wazi kwamba Kailemia hajui majina yao. Miaka mitatu walikuwa wamepita barabarani kwake. Basi ikabidi kila mmoja ajitaje, kama wageni, na yeye alirudia jina na kupima. Wengine walitaja na jina la baba. Mmoja, mama wa makamo aliyenyamaza siku zote, alisema, "Ciarunji, yule anayekuamkia kila siku," na nyuma kukatokea kicheko kidogo kilichokatwa upesi. Gedion alisema jina lake pia ingawa hakukuwa na haja, akapokea, akasogea pembeni bila kumtazama.

Magunia yakaisha. Watu walikuwa na haraka, mashamba yao yalikuwa yanangoja na jua lilikuwa bado juu. Walijitwika mizigo, wakateremka barabarani wakiongea juu ya shamba la nani lianziwe leo. Kailemia alielewa kila neno. Hakuna aliyemwita, na hangefaa kitu, mwili wake ulikuwa unatetemeka kwa kusimama tu.

Mama Igoki alikuwa wa mwisho. Alifunga kikapu chake kwa leso, akakijaribu uzito.

"Mvua ya Machi ikija, ukipanda, safari hii utuambie."

Kailemia alisema atawaambia. Alimsindikiza mpaka kwenye kona, akamtazama akiteremka na kikapu kichwani, mpaka akawafikia wenzake. Hakumwambia kwamba hana tena cha kupanda.